Kutoka Butembo Hata Beni kwa Gari la Abiria

Wako watu wanaotamani kuziona nchi za mbali, kumbe nchi yao wenyewe hawajaiona. Huko Japani, tangu mwaka 1964, garimoshi la kasi huwachukua abiria kutoka Tokyo mpaka Osaka, nao hutazama dirishani milima na mashamba ya mpunga. Garimoshi hilo lingeimaliza njia ya Butembo mpaka Beni kwa robo saa tu. Sisi tuliimaliza kwa saa tatu, wala hatukujuta.

Njia hiyo ina urefu wa kilomita 54. Tulifika kituoni Butembo alfajiri, ukungu ungali umelala mabondeni. Baridi ilituuma, maana mji huu, ijapokuwa u karibu sana na Ikweta, umejengwa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari. Vijana walikuwa wamekwisha kuanza kazi, wakisukuma chukudu, yaani baiskeli zao za mti, zilizosheheni viazi na makaa.

Gari dogo lililoundwa kwa watu watano likatupokea watu saba na kuku wawili. Dereva akasoma majina ya abiria. Alipoita "Kambale!" wakaitika watatu kwa pamoja. Tulicheka, lakini mzee aliyeketi ubavuni petu akatuambia:

"Msishangae, wanangu. Kwetu sisi Wanande jina huonyesha nafasi ya mtoto nyumbani. Mwana wa kiume wa pili ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, wa nne ni Kakule, wa tano ni Katembo. Binti wa kwanza ni Masika."

Akatueleza ya kuwa ndugu zao Wakonjo wa Uganda wanayo desturi iyo hiyo. Huko Kambale huitwa Bwambale, na Kasereka huitwa Masereka. Basi mpaka wa nchi umepita katikati ya jamaa moja, lakini haukuweza kuyakata majina yao.

Tulipita Maboya kati ya mikalitusi, mashamba ya maharage na mibuni. Tulipofika Kabasha njia ikaanza kuteremka kwa kona nyingi. Upande wa mashariki nchi ilifunguka kuelekea bonde la mto Semliki, utokao Ziwa Edward na kumwaga maji yake katika Ziwa Albert. Kutoka Butembo hata Beni msafiri hushuka kama mita 600. Kwa hiyo joto likaja, kinamama wakavua vitenge walivyojifunika, na mimea nayo ikabadilika: tukaona michikichi, mipapai na mikakao. Ndiyo sababu ya biashara ya miji hii miwili. Mboga na maharage huteremka kutoka juu, na mafuta ya mawese hupanda kutoka chini.

Mama mmoja mwenye kikapu cha maharage alikuwa kimya muda mrefu. Tulipokaribia Beni alisema, "Shamba langu la kakao liko kaskazini ya mji. Tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014 tumekimbia mara tatu. Sasa naishi kwa kikapu hiki na kwa njia hii."

Tulimpa pole, na maneno mengine hatukuwa nayo. Mzee akakumbusha pia siku za Ebola, tangu Agosti 2018 hata Juni 2020, ugonjwa ulipowaua watu zaidi ya 2,200 katika mashariki ya Kongo. Siku zile kila abiria alishuka kizuizini, akanawa mikono, akapimwa joto la mwili. Njia iliyoleta chakula ilihofiwa kuleta mauti. Hata hivyo haikufungwa, kwa kuwa kuifunga kungaliwaua wengine kwa njaa. Hapo tulifahamu kwa nini watu walifurahi mwaka 2021, serikali za Kongo na Uganda zilipoanzisha kazi ya kuitengeneza njia hii pamoja na ile ya kutoka Beni hata Kasindi.

Tulipofika Beni mawingu yalikuwa yameondoka kidogo, tukaiona milima ya Ruwenzori, ambayo kilele chake kina mita 5,109 na theluji, ingawa theluji hiyo inazidi kupungua. Tukala bugali kwa sombe. Mzee akasema kwamba hata jimbo la Kanisa, tangu mwaka 1967, hubeba majina ya miji yote miwili, Butembo-Beni, kama vile watu wabebavyo mzigo mmoja kwa mti mmoja.

Enyi wanafunzi, shule zikifungwa, na wazee wakiwahakikishieni kuwa njia ni salama, pandeni gari mchana, mkaketi karibu na mwenye mvi, mkamwulize maana ya jina lake. Tembea uone, walisema wahenga.

Yule mama alishuka sokoni, akajitwika kikapu chake, akamwambia dereva, "Wasingya," yaani asante. Kisha akamwuliza saa ya kurudi.