Deni la Aliyeondoka



Watu huondoka nyumbani kwa sababu nyingi. Wengine huenda machimboni. Wengine huenda mjini kutafuta kazi. Wengi wao hurudi, au hutuma fedha na salamu. Lakini wapo wanaoondoka wakanyamaza. Miezi inapita. Hakuna salamu, hakuna senti. Ndipo wadai wanapoanza kupiga hodi.

Mwenye duka anakuja na daftari lake. Jirani anakumbusha fedha alizokopesha. Katibu wa kikundi anataka marejesho. Mke aliyebaki na watoto anaingiwa na hofu. Anadhani kila kitu kitachukuliwa: mbuzi, baiskeli, hata shamba. Kwa hofu hiyo anakubali kila deni. Wengine huuza shamba kwa bei ya kutupa ili walipe deni ambalo si lao.

Katika somo hili tutajifunza jambo moja kubwa. Usikubali deni kabla ya kusoma maandishi yake na kujua ni la nani. Sasa unajua kusoma na kuandika. Basi kisomo chako kikulinde.

DENI NI LA NANI?

Watu wengi hudhani kwamba deni la mume ni deni la mke. Sivyo. Tanzania Bara inayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kwa sheria hiyo, mke ana haki sawa na mume ya kuwa na mali yake mwenyewe. Kuoana peke yake hakugeuzi mali ya mmoja kuwa ya mwenzake. Mke anaweza kufanya mapatano kwa jina lake. Anaweza pia kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake. Kwa hiyo, mume akikopa kwa jina lake peke yake, mdaiwa ni yeye.

Ndivyo ilivyo pia kwa mzazi. Kijana wako mtu mzima akikopa kisha akatoroka, deni ni la kijana huyo.

Lakini tahadhari. Deni linaweza kukuhusu kwa njia hizi tatu:

1. Ulikopa wewe mwenyewe, au mlikopa pamoja.

2. Ulikuwa mdhamini. Mdhamini ni mtu anayeahidi hivi: "Huyu asipolipa, nitalipa mimi." Katika vikundi vingi vya kuweka na kukopa, wanachama hudhaminiana.

3. Uliweka mali yako rehani kwa ajili ya mkopo wake. Mali ya rehani ni mali ambayo mkopeshaji anaweza kuiuza kama mkopo haukulipwa.

Kumbuka kwamba alama ya dole gumba ina nguvu kama saini. Usitie dole gumba kwenye karatasi ambayo hujaisoma au hujasomewa na mtu unayemwamini.

MDAI AKIJA NYUMBANI

Mdai akija, usimtukane wala usimfukuze. Huenda naye ameumizwa na mtu yule yule aliyekuumiza wewe. Lakini pia usimpe ahadi. Sikiliza mazungumzo haya:

"Hodi hapa!"

"Karibu, baba. Kaa kitini."

"Mama, mumeo alikopa kwangu shilingi laki mbili. Yeye hayupo, basi nimekuja kwako."

"Pole, baba. Mimi sikuwapo mlipopatana. Naomba hati niisome."

"Hati hii hapa. Lakini kwanza weka saini kwamba utalipa."

"Hapana, baba. Leo sitaweka saini. Niachie nakala niisome vizuri. Kisha tukutane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji."

Mama huyu amefanya vizuri. Angeweka saini, angekuwa ametoa ahadi mpya. Deni lililokuwa la mumewe lingegeuka kuwa lake.

Unaposoma hati ya deni, tafuta mambo haya: jina la aliyekopa, tarehe, kiasi cha fedha, riba, majina ya wadhamini, mali iliyowekwa rehani, na kiasi kilichokwisha kulipwa.

GAWA MADENI KATIKA MAFUNGU

Chukua daftari. Andika kila deni, dogo na kubwa. Tuchukue mfano. Mama mmoja aliyeachwa na mumewe ameandika hivi:

Dukani: unga, sabuni na mafuta ya taa, alichukua mama mwenyewe: sh. 30,000.
Kikundi: mume alikopa, mama ni mdhamini: sh. 120,000.
Jirani: mume alikopa peke yake, hati ipo: sh. 200,000.
Mchuuzi wa ng'ombe: anasema mume alikopa, hana hati wala shahidi: sh. 150,000.
Jumla: sh. 500,000.

Mama alipoona jumla hii alishtuka. Lakini tuyagawe madeni hayo katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni madeni yanayomhusu mama. Ni deni la duka na la kikundi. Jumla yake ni sh. 150,000.

Fungu la pili ni deni la mume lenye hati. Ni sh. 200,000 za jirani. Jirani ana haki ya kumdai mume. Mama anaweza kumwambia kwa heshima yale anayoyajua kuhusu mahali alipo mumewe. Hana wajibu wa kumlipia.

Fungu la tatu ni deni lisilo na ushahidi. Mchuuzi alete ushahidi kwanza.

Sasa mzigo wa mama si sh. 500,000 tena. Ni sh. 150,000. Bado ni mzito, lakini unabebeka.

Kuhusu deni la duka kuna jambo la kujua. Sheria ya Ndoa humruhusu mke kukopa kwa jina la mume mahitaji ya lazima, yake na ya watoto. Hata hivyo, mwenye duka alimwamini mama huyu, na kesho mama atahitaji chumvi. Kwa hiyo ameamua kulipa polepole.

Mama anauza mchicha na nyanya. Akitoa fedha za chakula, hubaki na sh. 5,000 kwa wiki. Amekwenda kwa mwenye duka na kwenye kikundi. Ameomba alipe kidogo kidogo, na riba isiongezwe. Wamekubali, na wameandika. Kila wiki atalipa sh. 1,000 dukani na sh. 4,000 kwenye kikundi. Baada ya wiki 30 atakuwa amemaliza yote mawili.

Kila akilipa anadai stakabadhi. Stakabadhi hizo zina faida mbili. Kwanza, hatadaiwa mara ya pili. Pili, mdhamini aliyelipa ana haki ya kumdai aliyemdhamini. Mume akipatikana, mama ataonyesha stakabadhi.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Basi usikope mkopo mpya wa riba kubwa ili kulipa deni la zamani. Mikopo ya namna hiyo siku hizi watu huiita "kausha damu". Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mfanyabiashara wa mikopo awe na leseni. Muulize leseni yake.

MALI IKITAKA KUCHUKULIWA

Wadai wengine hutisha. Husema, "Nitakufunga!" au "Kesho nachukua ng'ombe!" Deni la kawaida ni shauri la madai, si la jinai. Mdai hawezi kuingia nyumbani mwako na kujichukulia mali. Anatakiwa kwenda mahakamani. Akija mtu kukamata mali, mwombe akuonyeshe amri ya mahakama. Mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ashuhudie.

Hata mahakama ikiamuru mali ikamatwe, sheria hulinda vitu kadha. Miongoni mwake ni nguo za lazima, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za kazi.

Nyumba mnayoishi mke na mume ina ulinzi wake pia. Sheria ya Ndoa inakataza mume au mke kuiuza, kuitoa zawadi au kuiweka rehani bila idhini ya mwenzake. Kama mumeo aliiweka rehani nawe hukukubali, usinyamaze. Tafuta msaada wa kisheria upesi, kabla haijauzwa. Kama ulikubali na kuweka saini, usijifiche. Nenda kwa mkopeshaji mapema mkapatane upya jinsi ya kulipa.

ALIYEONDOKA BADO ANA WAJIBU

Kuondoka hakumfutii mtu wajibu wake. Sheria ya Ndoa inamtaka mume amtunze mkewe kwa chakula, mavazi na malazi, kulingana na uwezo wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawataka wazazi watunze watoto wao. Mke aliyetelekezwa anaweza kuomba mahakama iamuru alipwe fedha za matunzo.

Anza kwa afisa ustawi wa jamii au baraza la usuluhishi la ndoa. Kama huna fedha za wakili, uliza habari za wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo wa kulipa. Chukua cheti cha ndoa kama unacho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati za madeni, na daftari lako.

Usione aibu. Aibu ni ya aliyekimbia wajibu wake. Aliyebaki akalea watoto na kupanga madeni yake hana la kuficha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mdhamini ni nani? Je, katika kikundi chenu nani anamdhamini nani?

2. Kwa nini mama hakuweka saini siku ile mdai alipokuja?

3. Una deni la sh. 60,000. Unaweza kulipa sh. 2,500 kila wiki. Utamaliza baada ya wiki ngapi?

4. Andika katika daftari lako madeni yote ya nyumbani kwako. Mbele ya kila deni andika jina la aliyekopa na jina la mdhamini.