Pete yenye pengo: Teknolojia inayoweza kumfaa mkulima wa Mlima Kenya

Msimu wa mavuno unapowadia, mkulima wa Karatina au Mukurweini hutia punje ya mahindi mdomoni na kuing'ata. Ikivunjika kwa mlio, huamini kwamba nafaka imekauka na yafaa kutiwa ghalani. Lakini meno hayawezi kutofautisha mahindi yenye unyevu wa asilimia 13.5, kiwango cha juu kinachokubaliwa kwa uhifadhi nchini Kenya, na yale yenye asilimia 15.

Tofauti hiyo ndogo yaweza kuleta maafa. Kuvu hustawi katika nafaka yenye unyevu na kutoa sumu ya aflatoksini. Mnamo 2004, sumu hiyo iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui.

Miongoni mwa vifaa ambavyo wanasayansi wamevifanyia majaribio ya kupima unyevu ni pete ya metali iliyokatwa ikaachwa na pengo. Muundo huo ulielezwa mwaka wa 1999 na mwanafizikia Mwingereza John Pendry na wenzake. Mnamo 2001, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipanga pete nyingi za aina hiyo pamoja na nyaya, wakaonyesha kwamba mawimbi yanaweza kupindishwa kuelekea upande usio wa kawaida.

Utendakazi wake si mgumu kueleweka. Anayesaka kituo cha redio huzungusha kitufe mpaka koili na kapasita zilizomo ndani zikubaliane na masafa ya kituo hicho. Pete hii ni vyote viwili kwa pamoja: mduara wake ndio koili, na pengo lake ndilo kapasita. Kwa hivyo kila pete ina masafa yake inayoyaitikia.

Masafa hayo hutegemea ukubwa wa pete na kitu kilicho karibu na pengo. Maji yanapokaribia, masafa hushuka. Punje mbichi zikiwekwa juu ya pete, masafa hushuka zaidi kuliko zikiwekwa zilizokauka, na tofauti hiyo ndiyo inayosomwa kama kipimo cha unyevu.

Pete ya milimita kadhaa huitikia mawimbi yanayokaribiana na yale ya simu za mkononi. Ikipunguzwa hadi nanomita mia chache, ambazo ni chini ya sehemu moja ya mia ya unene wa unywele, huanza kuitikia miale iliyo jirani na mwanga unaoonekana. Pete ndogo hivyo inaweza kuhisi tabaka jembamba mno la molekuli. Hata hivyo, peke yake hutambua tu kwamba kitu kimeigusa, haitambui ni kitu gani. Ili inase sumu fulani, sharti ipakwe kingamwili ya sumu hiyo.

Tofauti hii ni muhimu. Kipimo cha unyevu hakiwezi kugundua sumu iliyokwisha kuingia, ilhali sheria inaruhusu sehemu 10 pekee za aflatoksini katika kila bilioni.

Pete kubwa zinaweza kuchongwa kwenye bodi ya kawaida ya saketi, kazi isiyozidi uwezo wa karakana ya chuo. Zile za nanomita huhitaji vyumba visivyo na vumbi na mitambo ya bei ghali. Ndiyo maana macho yameelekezwa Nyeri, ambako kampuni ya Semiconductor Technologies Limited imejikita katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichopewa hati ya kujitegemea mwaka wa 2012. Ujuzi wa kutengeneza chipu unakaribiana sana na ule wa kutengeneza pete hizi.

Wakulima wa kahawa pia wangenufaika, kwa kuwa kahawa inayoanikwa viwandani mwao hutakiwa kukaushwa hadi unyevu wa takriban asilimia 11.

Kwa sasa, kinga ni ile ile: kuanika nafaka juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na kuipima kwa mashine kabla ya kuifungia magunia. Kung'ata punje hakutoshi.