Je, Wajua? Nani Aigharimiaye Habari ya Mjerumani

Je, wajua kwamba Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, isikikayo hata katika karakana za Gerezani jijini Dar es Salaam huku nyundo zikigonga bati, ilianza matangazo yake mwaka 1963, nayo hugharimiwa na hazina ya serikali ya shirikisho ya Ujerumani, ilhali mashirika ya utangazaji ya ARD na ZDF, yanayowahudumia Wajerumani wenyewe, huendeshwa kwa ada itozwayo kila nyumba? Kwa insafu, sheria huizuia serikali hiyo isiwaamrishe wahariri. Magazeti ya huko nayo hayafichi mielekeo yake: Frankfurter Allgemeine huegemea wahafidhina, Süddeutsche Zeitung huelekea kwa waliberali wa kushoto, na taz ya Berlin, iliyoasisiwa 1978, imeyapita hayo mawili kwa kuelekea kushoto. Wala mambo haya si mageni Dar es Salaam, kwani tangu 1899 lilichapishwa papa hapa Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, gazeti la walowezi lililomshambulia bila haya Rechenberg, gavana wa koloni la Kijerumani, wakati ambapo Kiongozi, lililotolewa kwa Kiswahili katika skuli ya serikali huko Tanga, lilinena kwa ulimi wa dola. Na atakaye kuzijua zama zile hana budi kuyasoma yote mawili.