Kifaa kidogo kinachoweza kuzima kiwanda kizima msimu wa mavuno

MSIMU wa mavuno unapowadia Kitale na Bungoma, macho ya wengi huelekea kwa vitu vinavyoonekana: malori ya mahindi yaliyopanga foleni, trekta zinazokokota miwa na mitungi ya maziwa inayoshushwa alfajiri.

Ni wachache wanaolifikiria kabati la chuma lililofungwa ukutani ndani ya kiwanda. Humo mna kifaa kisichozidi tofali kwa ukubwa, ambacho kikifa, shughuli zote husimama.

Kifaa hicho ni pawasaplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa volti 240 na kuugeuza kuwa umeme mpole, aghalabu wa volti 24, unaotiririka upande mmoja kama ule wa betri.

Umeme huo mpole ndio unaolisha kompyuta ya kuendesha mitambo, ambayo mafundi huiita PLC, pamoja na sensa, relei na vali zinazoamua ni lini mota iwake, mkanda usonge au mvuke ufungwe.

Mota zenyewe hutumia umeme wa fezi tatu wa volti 415. Kwa hivyo, inawezekana mota zote ziwe nzima na stima ya Kenya Power iwepo, lakini kiwanda kikae kimya kwa sababu ubongo wake umekosa chakula.

Hasara ya kimya hicho haiishii kwa mwenye kiwanda. Miwa iliyokwisha kukatwa huanza kupoteza sukari na uzito, na wataalamu hushauri isagwe kabla ya saa 48 kupita. Maziwa nayo hayasubiri hata siku moja bila kupozwa.

Kwa mahindi, hatari ni kubwa zaidi. Bodi ya Nafaka na Mazao (NCPB) hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mtambo wa kukausha ukisimama huku mvua ikinyesha, nafaka mbichi hupata joto na kuota kuvu wenye sumu ya aflatoxin.

Wakenya wanaijua sumu hiyo. Mwaka 2004, watu 125 walifariki katika eneo la Mashariki, hasa Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyochafuliwa nayo.

Kwa nini huzeeka

Ndani ya pawasaplai mna vikopo vidogo viitwavyo kapasita. Vikopo hivi huhifadhi umeme kwa muda mfupi mno na kuusawazisha ili utoke bila mawimbi. Vingi huwa na majimaji ndani, na majimaji hayo hukauka polepole jinsi miaka inavyopita.

Adui mkuu wa kapasita ni joto. Kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha ya kapasita hupungua kwa nusu.

Chukua mfano wa kapasita iliyoundwa kudumu saa 5,000 katika joto la nyuzi 105. Ikifanya kazi katika nyuzi 65, itadumu takriban saa 80,000, yaani miaka tisa hivi bila kuzimwa. Joto hilo likipanda hadi nyuzi 75, miaka tisa hugeuka kuwa minne na nusu.

Hapa ndipo mazingira ya Trans Nzoia na Bungoma yanapoingia. Vumbi la mahindi na makapi ya miwa huziba vichujio vya kabati na kufunika pawasaplai kama blanketi. Feni ikiacha kuzunguka, hewa ya moto hukosa pa kutokea.

Mwinuko nao una athari. Kitale uko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na hupunguza joto la vifaa kwa uvivu kuliko hewa ya Mombasa. Waundaji wengi wa pawasaplai huonya kuwa kifaa kisibebeshwe mzigo wote kikitumiwa zaidi ya mita 2,000, kiwango ambacho mashamba na viwanda vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Elgon hukikaribia au kukipita.

Kuna pia radi, ambazo ni nyingi katika magharibi mwa Kenya, na kupotea kwa stima. Mnamo Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru na nchi nzima ikapoteza umeme kwa saa kadhaa. Agosti 25, 2023, giza lilitanda tena karibu kote nchini.

Umeme unaporudi baada ya kukatika, ndipo pawasaplai kuukuu hufichua udhaifu wake. Kifaa kilichofanya kazi miaka kumi bila kuzimwa huweza kukataa kuwaka tena, kwa sababu kapasita inayokianzisha ilikwisha kukauka zamani na hakuna aliyejua.

Hata kukaa bure kuna madhara. Mwaka 2023, usagaji wa miwa magharibi mwa Kenya ulisimamishwa kwa miezi kadhaa kutokana na uhaba wa miwa iliyokomaa. Katika mji wa Webuye, kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa mwaka 2009 na kukaa kimya kwa miaka mingi.

Kapasita isiyopitisha umeme kwa muda mrefu hupoteza utando mwembamba unaoilinda kwa ndani. Kwa hivyo, mitambo iliyolala haifai kuwashwa kwa pupa. Pawasaplai zake zinapaswa kupimwa kwanza zikiwa zimetenganishwa na vifaa vingine.

Dalili za uchovu

Pawasaplai haifi ghafla kila mara. Mara nyingi huanza kwa kutoa ishara ambazo hudhaniwa kuwa kasoro ya kitu kingine.

PLC hujizima na kujiwasha yenyewe bila sababu. Relei hutetemeka na kutoa mlio kama wa nyuki. Sensa hutoa habari za uongo, hasa mota kubwa inapowashwa. Fundi hubadilisha sensa, kisha waya, kisha relei, na tatizo hubaki pale pale.

Hata mita ya kupimia huweza kumpotosha. Huenda ikaonyesha volti 24 kamili, ilhali umeme huo umejaa mawimbi. Njia bora ni kupima mara mbili: kwanza volti za kawaida mitambo ikiwa na mzigo, kisha kugeuza mita ipime umeme wa mkondo geu kwenye nyaya zile zile. Kwa pawasaplai nzima, kipimo hiki cha pili huwa karibu na sifuri. Kikipanda hadi volti nzima au zaidi, kapasita zimechoka.

Ishara nyingine ni kapasita zilizofura kichwani, harufu ya kuungua, au rangi ya hudhurungi kwenye ubao wa ndani.

Jinsi ya kubadilisha

Kazi ya kubadilisha pawasaplai huanza kabla ya bisibisi kushikwa. Hatua ya kwanza ni kuhifadhi programu ya PLC kwenye kompyuta.

Hatua hii hupuuzwa na wengi, na huweza kugharimu kiwanda kuliko pawasaplai yenyewe. PLC nyingi za zamani hutunza programu kwa nguvu za betri ndogo. Ikiwa betri hiyo imekufa, programu hubaki hai kwa sababu tu umeme haujawahi kukatwa. Fundi akizima swichi, maagizo yote ya mtambo hufutika, na huenda aliyeyaandika alistaafu zamani.

Ya pili ni kupima mzigo. Maandishi yaliyo kwenye kifaa cha zamani hayatoshi, kwani kwa miaka mingi huenda sensa na vali zimeongezwa. Kabati likitumia ampea 6.5, kwa mfano, na kuongezwa asilimia 30 ya akiba, jumla ni kama ampea 8.5. Kwa kuwa vifaa huuzwa kwa vipimo maalumu, atakayechaguliwa ni yule wa ampea 10.

Volti lazima zilingane. Mitambo ya miongo iliyopita haikutumia volti 24 pekee. Mingine ilitumia 48 au 110. Kukisia hapa ni kuteketeza kabati zima.

Hatua ya tatu ni usalama. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri kulinda wafanyakazi dhidi ya hatari. Swichi kuu yafaa izimwe, ifungwe kwa kufuli na kuwekwa kibandiko cha onyo ili mtu mwingine asiiwashe. Kisha fundi husubiri dakika chache, kwani kapasita hubaki na umeme hata baada ya stima kuzimwa, na hupima kuhakikisha hakuna volti zilizosalia.

Nyaya hupigwa picha na kuwekewa alama kabla ya kufunguliwa. Pawasaplai mpya husimamishwa wima, ikiachiwa nafasi juu na chini ili hewa ipite, na waya wa ardhi huunganishwa.

Kabla ya kuunganisha PLC, kifaa huwashwa peke yake. Fundi huthibitisha kiwango cha volti na upande wa chanya na hasi. Mizigo huunganishwa mmoja baada ya mwingine, kuanzia ule usio ghali.

Kuna mtego mmoja wa mwisho. Pawasaplai za zamani zenye transfoma nzito zilikuwa na nguvu ya kuunguza fyuzi papo hapo waya zilipogusana. Za kisasa hujizuia zenyewe na kupunguza umeme, hivyo fyuzi ya zamani huenda isikatike na waya mmoja mbovu ukazima kabati zima. Dawa yake ni kugawa mizigo na kuiwekea vilinzi vya kielektroniki vinavyolingana na pawasaplai mpya.

Kutengeneza au kununua?

Baadhi ya mafundi hubadilisha kapasita pekee. Jambo hilo si baya, hasa kwa kifaa ambacho hakiundwi tena. Sharti ni kwamba kapasita mpya ziwe za kustahimili nyuzi 105, ziwe za aina ifaayo kwa pawasaplai, na zisiwekwe kinyume, kwani zikipinduliwa hulipuka.

Kwa kabati linaloendesha mtambo muhimu, hata hivyo, kifaa kipya huleta utulivu zaidi. Mahali ambapo kusimama hata kwa dakika moja ni hasara, pawasaplai mbili huunganishwa kupitia dayodi ili moja ikifa, nyingine iendelee bila kusita.

Wanunuzi wanapaswa kujihadhari na bidhaa ghushi, ambazo zimepigwa marufuku chini ya sheria ya mwaka 2008. Kifaa chepesi kupita kiasi, kisicho na nambari ya utambulisho au kinachouzwa kwa bei ya kushangaza kinafaa kutiliwa shaka.

Umbali nao ni suala. Kutoka Kitale au Bungoma hadi Nairobi, ambako vipuri vingi hupatikana, ni zaidi ya kilomita 350. Kifaa kinachoharibika Jumamosi jioni huenda kisifike hadi Jumatatu au Jumanne, huku miwa ikikauka uwanjani. Kuweka kimoja cha akiba stoo ni gharama ndogo ukilinganisha na siku mbili za kimya.

Ratiba nzuri haihitaji mengi: kusafisha vichujio, kupima volti na mawimbi mara mbili kwa mwaka, kuandika tarehe ya kufunga kila pawasaplai kwenye mlango wa kabati, na kuibadilisha kati ya mwaka wa saba na wa kumi hata kama bado inafanya kazi. Katika kabati lenye joto kali, muda huo hupunguzwa.

Wakati mwafaka wa kazi hiyo ni kabla ya mavuno, mitambo inapofanyiwa ukarabati wa kila mwaka. Wenye viwanda hawahitaji kutafuta ujuzi mbali, kwani vyuo vya eneo hilo, kikiwemo Kitale National Polytechnic, hufundisha uhandisi wa umeme.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mkulima aliyesubiri miezi mingi miwa ikomae, au aliyepeleka magunia yake kukaushwa huku mawingu yakitanda, ufa huo ni kikopo kidogo kilichokauka ndani ya kabati ambalo yeye hataliona kamwe.