Hesabu ya Herufi kwa Mwenye Jiwe Maganzo

Mji wa Maganzo, wilayani Kishapu, uko jirani na mgodi wa Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Mwenye jiwe katika mji huu hunufaika zaidi akiijua kanuni kuliko akikariri orodha ya bei, kwani bei hupanda na kushuka. Katika karne ya 17, mfanyabiashara Mfaransa Jean-Baptiste Tavernier aliandika kanuni ya wauza almasi: kwa mawe yenye ubora sawa, thamani hukua kwa mraba wa uzito. Kwa herufi, T = ku², ambapo u ni uzito kwa karati na k ni thamani ya jiwe la karati moja la ubora huo. Sasa jiwe lenye uzito u likipasuka vipande viwili sawa, kila kimoja kina thamani ya k(u/2)², na vyote kwa pamoja ni ku²/2. Nusu ya thamani imepotea, na uzito haujapungua hata chembe! Wala hatukuhitaji kujua jiwe lilikuwa la karati 2 au 50; jibu ni la mawe yote.

Atatokea wa kupinga kwamba soko halifuati mraba huo sawasawa, na kwamba rangi na usafi wa jiwe vina neno. Ni kweli, lakini rangi na usafi vimo ndani ya k, na hapo ndipo kanuni inapofundisha zaidi. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth, ilikuwa na karati 54.5, na baada ya kukatwa ilibaki na 23.6. Je, kukata ni hasara? Tuite uzito wa mwanzo m na wa mwisho n. Thamani huongezeka iwapo ukigawanya k mpya kwa k ya zamani unapata zaidi ya (m/n)². Kwa jiwe lile, ukataji ulipaswa kuipandisha k zaidi ya mara 5.3. Kipimo hicho anaweza kukitumia hata mwenye jiwe la karati moja.

Walimu wa hisabati wa Kishapu, mwacheni mwanafunzi aifikishe hesabu mwisho kwa herufi, ndipo aweke namba.