Mjuzi wa Sauti: Somo la Uhakiki kutoka Uchina ya Kale

Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mapema kutofautisha fani na maudhui. Hata hivyo, aghalabu uhakiki wao huishia kwenye orodha: dhamira tano, tamathali sita za usemi, kisha hitimisho. Wengine huinakili orodha hiyo kutoka kwenye miongozo bila kukisoma kitabu chenyewe. Katika makala haya tunaeleza jinsi mhakiki wa Uchina ya kale, Liu Xie, alivyolijibu swali ambalo orodha hizo hulikwepa: ni msomaji gani anayestahili kuhukumu kazi ya fasihi?

Liu Xie aliishi katika karne ya 5 na ya 6. Alifiwa na baba yake akiwa mdogo, akakaa zaidi ya miaka kumi na mtawa wa Kibudha aitwaye Sengyou, akisaidia kupanga maandiko ya dini. Kitabu chake, Wenxin diaolong, kina sura 50 na kilikamilika takriban mwaka 500. Historia rasmi ya nasaba ya Liang inasimulia kwamba alikuwa hajulikani, hivyo alikibeba kitabu chake kama mchuuzi na kumngojea njiani Shen Yue, mwandishi na ofisa mashuhuri. Shen Yue alikisoma, akakithamini na kukiweka mezani pake.

Sura ya 48 inaitwa Zhiyin, yaani "mjuzi wa sauti". Jina hilo linatokana na hadithi ya Bo Ya, mpigaji wa ala ya nyuzi iitwayo qin. Rafiki yake, Zhong Ziqi, alikuwa akisikiliza na kutambua kama mpigaji anawaza mlima au mto. Ziqi alipofariki, Bo Ya alikata nyuzi asipige tena. Kwa Liu Xie, mhakiki bora ni Ziqi wa maandishi, na ni nadra kumpata.

Kwa nini ni nadra? Liu Xie anataja kasoro tatu. Kwanza, kutukuza ya kale na kudharau ya sasa. Mfalme wa Qin alivutiwa na maandishi ya Han Fei akidhani ni ya mtu wa zamani; mwandishi alipofika kwake alitiwa gerezani, akafia humo mwaka 233 K.K. Pili, kujikweza na kuwashusha wengine, kama Ban Gu alivyomdharau Fu Yi ingawa vipaji vyao vilikaribiana. Tatu, kuamini uvumi na kuukosa ukweli. Zaidi ya hayo, kila msomaji hupenda kinacholingana na tabia yake na kukikataa kingine.

Dawa ya kwanza anayoitoa ni kusoma kwa wingi: sikio hufunzwa na nyimbo nyingi, si moja. Ya pili ni kuichunguza kazi kwa mitazamo sita:

1. utanzu na umbo lililochaguliwa;
2. mpangilio wa maneno;
3. namna kazi inavyofuata mapokeo na kuyabadili;
4. yaliyo ya kawaida na yasiyo ya kawaida;
5. matumizi ya visa na marejeo ya zamani;
6. urari wa sauti.

Inafaa kuzingatia kwamba dhamira haimo katika orodha hii. Si kwamba Liu Xie aliipuuza. Anaeleza kuwa mwandishi huanza na hisia, kisha huzitoa kwa maneno; msomaji huanza na maneno, kisha huingia katika hisia. Kwa hiyo fani si pambo la kutajwa mwishoni. Ndiyo njia pekee aliyo nayo msomaji ya kuyafikia maudhui.

Mtazamo wa tatu unatugusa kwa karibu. Mashairi huru ya Kiswahili, kama yale ya Euphrase Kezilahabi katika Kichomi (1974), yalizua ubishi mkali kuhusu arudhi. Msomaji anayeuliza kipi kimefuatwa na kipi kimebadilishwa hujifunza mengi kuliko anayeuliza tu kama shairi lina vina.

Tunawapendekezea walimu wenzetu zoezi jepesi. Lipeni darasa shairi moja ambalo halimo katika mwongozo wowote. Wanafunzi walichunguze kwa mitazamo hiyo sita, wakisoma kwa sauti, na neno "dhamira" lisitajwe hadi kipindi cha pili. Hapo kila dhamira watakayoitaja itabidi ioneshwe ilikotoka katika maneno ya shairi.