Maji ya Nyeri: sisi wa Pwani tujifunze nini?

Hapa Mombasa mfereji ukikauka hatushangai. Twamwita mwenye mkokoteni, twanunua mitungi ya lita 20, na siku yapita. Kule Nyeri, kampuni ya maji ya mji huo, NYEWASCO, kwa miaka mingi imetajwa miongoni mwa zilizo bora nchini katika ripoti za WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji. Wengi husema ni bahati ya mlima. Kuna ukweli hapo, lakini si wote.

Tuanze na nani hujenga nini. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. NYEWASCO ni mali ya Kaunti ya Nyeri, kama MOWASSCO ilivyo ya Mombasa. Chini ya Sheria ya Maji ya 2016, miradi mikubwa inayovuka mipaka ya kaunti hujengwa na mashirika ya serikali kuu: kule ni Tana, hapa kwetu ni lile la Pwani.

Mradi wa maji hauanzi kwa kuchimba mtaro. Kwanza hupimwa mahitaji na kuchorwa ramani, kisha hutafutwa kibali cha kuchota maji mtoni na leseni ya NEMA. Fedha zikipatikana, zabuni hutangazwa na mkandarasi huteuliwa. Kama fedha ni za mkopo, mwisho wa yote hulipwa na mwananchi, kupitia bili au kodi.

Tofauti kubwa iko hapa. NYEWASCO huchota maji yenyewe kutoka Mto Chania, unaoteremka kutoka Aberdare, huyasafisha Kamakwa na kuyasambaza. Mteremko wasaidia sana. Mombasa hununua maji kwa jumla kutoka kwa shirika la Pwani, na hutegemea vyanzo vya mbali: bomba la Mzima lina urefu wa kilomita 220 hivi, na maji ya Baricho husukumwa kwa pampu za umeme. Bili ya stima isipolipwa, mfereji wako ndio unaokauka.

Lakini mlima hauzibi bomba linalovuja. Kitaifa, zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayosafishwa hayalipiwi: mengine humwagika njiani, mengine huibwa, mengine hupita kwenye mita mbovu. Nyeri wameshusha kiwango hicho chini ya asilimia 20. Hawakutumia uchawi. Walifunga mita, wakabadilisha zilizochakaa, wakafuatilia mivujo mtaa kwa mtaa. Pesa iliyookolewa hurudi kwenye mabomba.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi twangoja bwawa la Mwache, na ni haki yetu kulingoja. Lakini maji mapya yakiingia kwenye mabomba yanayovuja, tutakuwa tumelipa mkopo ili kunywesha mchanga.

Kampuni ikitaka kupandisha bei, yapaswa kusikiliza maoni ya wananchi kwanza. Basi siku hiyo tusiende kulalamikia bei tu. Tuulize: mwaka jana maji mangapi yalipotea, na mmefanya nini? Jibu lisipopatikana, bei isipande.